Seli za Mtani

"Seli zangu mimi zikipigiwa mluzi mara moja tu, zinageuka," alisema Fokas Ngonyani, akiwa amekaa juu ya meza ambayo daktari alishamkataza mara tisa asiikalie. "Mara moja! Za wengine mpaka uzibembeleze kama bibi harusi anayegoma kutoka chumbani. Zangu zina nidhamu ya Kingoni. Bonde zima hili la Nyamvili hamna seli kama zangu, na anayebisha alete hadubini."

Hadubini ilikuwa hatua mbili nyuma yake. Hakuigusa.

"Nidhamu ya Kingoni naijua," alijibu Bi Sigilinda Kikoti, akiisogeza chupa yake karibu na macho ili asome jina. "Ni ile ya kugeuka na kukimbia. Mlijifunza kwetu, kwenye ile vita."

"Vita ipi? Ile tuliyowachapa?"

"Ile mliyochapwa mpaka mkafika Songea mnahema, mkasema eti ndiko mlikokuwa mnakwenda tangu mwanzo."

Foleni nzima ya wakata miwa iliyokuwa ikisubiri kupimwa mkojo ikaangua kicheko, na Fokas akacheka nao, maana hakuwa na la kufanya. Yeye Mngoni, miaka ishirini na mitatu, fundi wa maabara wa Kituo cha Figo. Bi Sigilinda Mhehe, miaka sitini na mmoja, mnyapara wa kikosi cha tatu cha wakata miwa, mwanamke ambaye akikohoa mapanga arobaini yanasimama hewani. Mababu zao walipigana zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na kwa sababu hiyo wajukuu wamekuwa watani. Mtani anakutukana bure. Mtani anaingia msibani kwako anachukua kitu chako, na wewe ni marufuku kununa. Mwaka jana, kwenye msiba wa bibi yake Fokas, Bi Sigilinda alitoka mchana kweupe na jogoo kwapani, akiwapungia waombolezaji mkono. Jogoo yule Fokas alimlea tangu kifaranga. Alimlisha mkononi. Ilimbidi acheke, na alicheka, ingawa waliokaa karibu walisema kicheko kile kilitoka na machozi.

"Haya, funga chupa yako uondoke," alisema Fokas. "Unachelewesha foleni."

Bi Sigilinda akainama juu ya kifuniko cha chupa. Ndani, kwenye maji ya rangi ya chai hafifu, zilielea seli zake za kinga, zilizooteshwa miezi mitatu kutoka kijiko kimoja cha damu yake. Kila mkata miwa alikuwa na chupa kama hiyo kwenye ghala baridi. Chupa moja kwa msimu mmoja, akiba ya siku jua litakapomwangusha.

Kifuniko kikauliza kwa sauti yake ya kistaarabu: "Mwenyewe ni nani?"

"Sigilinda Kikoti."

"Ikifunguliwa, itafunguliwa kwa idhini ya nani?"

"Kwa mdomo wangu mimi. Si wa mwingine."

Kifuniko kikalia kidogo, kikajibana. Bi Sigilinda akajifunga upya kanga kiunoni.

"Kesho nakwenda kwetu Ihangilo, kunywa ulanzi na ndugu zangu. Nitarudi Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya harusi ya Optatus. Msinipigie simu."

Hata wangetaka, wasingempata. Watu wa Ihangilo walipiga kura miaka minne iliyopita wakaufukuza mtandao kijijini, mnara ukashushwa, kwa hoja kwamba msimu wa ulanzi, pombe yao ya mianzi, watu wanapaswa kutazamana usoni. Tangu hapo anayepanda kule anapotea kama jiwe kisimani mpaka ashuke mwenyewe.

*

Alhamisi, saa tano asubuhi, wakamleta Optatus Nyoni juu ya machela.

Mashine za kukata miwa zilipigwa marufuku bondeni tangu mwaka 2071, baada ya kuushindilia udongo mpaka ukawa sakafu. Kwa hiyo miwa hukatwa kwa panga na kwa mikono, chini ya jua ambalo babu zetu wangelidhani ni adhabu. Optatus alikuwa mkataji hodari kuliko wote, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Mtu hodari hasikii kiu mpaka amalize mstari. Alikuwa amemaliza mistari sita. Mkojo wake wa mwisho ulikuwa na rangi ya kahawa, na baada ya hapo haukuja mwingine.

Optatus na Fokas walikua pamoja, walilala kitanda kimoja shuleni, walichapwa fimbo zilezile. Sasa Optatus alilala amevimba uso, na mchumba wake, Imakulata, amesimama pembeni na orodha ya wageni wa harusi bado mkononi, kama mtu aliyeitwa katikati ya sentensi.

"Fokas, shemeji, niambie kwa Kiswahili cha nyumbani," alisema. "Daktari amesema maneno, nimeitikia tu."

Fokas akavuta kigoda.

"Figo zake zimeungua, shemeji. Chukulia kama jiko lililoshika moto. Kwanza wanafika zimamoto. Ni seli hizohizo za kinga, zina haraka, zinamwaga maji mpaka kwa majirani, zinaharibu na visivyoungua. Haya, wamekwisha. Nyuma yao wanakuja walaji. Walaji wanabomoa kuta zilizoungua, wanakula kifusi chote. Mpaka hapo ni vita. Sasa sikia uhondo: walaji haohao, wakishamaliza kula, hugeuka. Seli ileile inaweka nyundo chini, inachukua mwiko, inaanza kujenga. Inaviita vibomba vya figo vilivyobaki, inaviambia ongezekeni."

"Na isipogeuka?"

"Inaendelea kubomoa. Mwili ukiona nyumba haiishi kubomolewa, unamwaga zege kila mahali yaishe. Zege hilo ndilo kovu. Figo ya zege haichuji kitu."

Imakulata akautazama mkanda mpana uliofungwa kiunoni mwa Optatus. Ulikuwa ukitetemeka kidogo.

"Na huu?"

"Huo ndio mluzi. Unapiga sauti ambayo sikio halisikii. Seli inasikia. Ni kama mnyapara anapiga filimbi: jamani, kubomoa basi, tujenge. Ndiyo kazi yetu hapa."

"Basi mpigieni!"

Fokas akageukia mlangoni. Daktari Likwelile, mwanamke mfupi mwenye miwani shingoni na subira ndogo, alijibu kwa niaba yake kutoka mlangoni.

"Tumempigia tangu saa tano. Hii ni mara ya tatu anaungua, misimu mitatu mfululizo. Seli zake zimekuwa sugu, hazisikii tena, na hata zilizo kwenye chupa yake ni hivyohivyo. Mashine ya kuchuja damu itamshika asife. Lakini kesho jioni zege litaanza kumwagika, na likishaganda, huyu atakuwa mtu wa mashine siku tatu kila wiki mpaka azeeke. Anahitaji walaji wa kuazima. Wanakaa siku kumi mwilini, wanajenga, halafu mwili unawafukuza na asante hausemi. Nani ana seli zinazosikia?"

Na hapo, wapendwa, wodi nzima, wagonjwa na wauguzi na mama mmoja aliyekuja kuuza karanga, ikageuza shingo kumtazama Fokas Ngonyani.

Alifanyaje? Alisimama. Alitengeneza kola.

"Mnanitazama nini? Chukueni zangu. Nazipima sasa hivi, nampa leo leo. Imakulata, endelea na orodha yako. Usimkate mtu."

Imakulata alimkumbatia mpaka miguu ya Fokas ikaacha sakafu.

*

Kwenye maabara, peke yake, Fokas alitoa chupa yake ya rafu ya juu. Aliikubalia kwa sauti ya mbwembwe, kifuniko kikafunguka. Akadondosha tone moja kwenye kisahani cha kioo chenye vibomba vya figo vilivyounguzwa makusudi, akakiweka chini ya hadubini, akapiga mluzi.

Seli zake zilikuwa zinakula. Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa mwanzoni.

Akapiga tena. Zikaendelea kula.

Akapiga mara tano. Zilimaliza kifusi, zikaanza kuvila vibomba vizima. Zilikuwa kama wajomba waliofika harusini mapema: pilau limekwisha, nyama imekwisha, sasa wanatazama mapambo. Alipopiga mara ya tisa, seli moja ilisimama, ikatulia, akashika pumzi akidhani ndiyo hiyo inageuka. Ilikuwa inameza nyingine.

Fokas akaketi sakafuni.

Kumbe alikuwa hajawahi kuzipima. Miaka miwili anazisifia, na hadubini hatua mbili nyuma yake.

Alipoinuka alitafuta chupa zote za ghalani zilizolingana na damu ya Optatus. Zilikuwa nne. Chupa mbili zilikuwa za misimu iliyopita, zimechoka. Ya tatu ilikuwa yake mwenyewe. Ya nne, kumbukumbu za ghala zilionyesha, ilipimwa wiki ile: *husikia mluzi wa kwanza, wote, bila kusita.*

Kikoti, Sigilinda.

Alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, akapiga simu. Namba haikupatikana. Akatafuta pikipiki ya kwenda Ihangilo. Kwenda ni siku nzima, na kurudi ni siku nyingine, na zege la Optatus lilikuwa halisubiri mtu. Aliitembeza akili yake kila upande, na kila upande ikarudi na jibu lilelile.

Ingekuwa ni damu tu, pengine. Lakini chupa ile ilikuwa akiba ya mama mwenye miaka sitini na mmoja anayeshinda juani. Ikitoka leo, nyingine itaota miezi mitatu, na miezi mitatu hiyo ndiyo ya jua kali kuliko yote. Akianguka katikati yake, ghalani hamna kitu cha jina lake. Na alisema kwa mdomo wake, mbele ya Fokas mwenyewe: *si wa mwingine.*

"Lakini ni mtani wangu," Fokas aliiambia hadubini. "Alinichukulia jogoo. Mtani anachukua. Hiyo ndiyo sheria, tena ni ya zamani kuliko ya kituo."

Alikwenda ghalani saa nane mchana, daktari akiwa wodi ya kina mama. Akachomeka ufunguo wa dharura, ule wa siku umeme ukikatika. Alikuwa na uhakika kwamba ufunguo ule huzima masikio ya kifuniko. Ni uhakika wa aina ileile aliokuwa nao kuhusu seli zake.

"Nani anafungua," kifuniko kikauliza, "na mwenyewe amesema nini?"

Fokas akatazama huku na huku. Akainama. Aliyoyasema pale aliyasema kwa sauti ya chini, na alisema mengi, na mengine ya aibu, na alipomaliza alijifuta uso kwa koti la maabara. Kisha akazungusha ufunguo, kifuniko kikafunguka, akaimimina chupa ya Bi Sigilinda kwenye chupa tupu aliyoibandika jina NGONYANI, F.

Hilo la mwisho hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kwenda kwa daktari akasema ukweli, wakabishana, wakaamua pamoja. Lakini wodi nzima ilikuwa imemtazama, na Imakulata alikuwa amemwinua juu.

Daktari Likwelile alipochungulia kisahani saa tisa, alipiga mluzi mara moja. Seli zote, kama kikosi kilichosikia filimbi ya chakula, zikageuka. Daktari akavua miwani.

"Fokas. Nisamehe. Mimi nilidhani wewe ni domo tu."

"Hata mimi, daktari," alisema Fokas, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa amesema kweli.

*

Ijumaa hakuna kilichotokea. Jumamosi pia. Seli zilikuwa kazini. Kwenye kioo cha ukutani, kilichounganishwa na mkanda, zilionekana kama vitone vya kijani kibichi vikisogea kando ya vibomba, vikisimama, vikisogea tena, kwa utaratibu wa watu wanaojua wanachofanya. Mzee mmoja mwenye tatizo la mguu alihamisha kitanda chake ili aone vizuri.

"Kile pale kivivu," alisema mzee.

"Si kivivu, kinachanganya udongo," alisema muuguzi.

"Fokas! Hicho cha kushoto kinaitwa nani?"

Kufikia Jumamosi jioni vitone kumi na saba vilikuwa na majina. Fokas aliyatoa yeye, na kila jina alilotoa lilikuwa la Kingoni.

Jumapili asubuhi, kengele ya kanisa ikilia, Optatus alifumbua macho akasema, "Jamani. Nadhani nina haja."

Watu walikimbia kama wamemwagiwa maji ya moto. Kikombe cha kupimia kikapita mikono sita. Pazia likavutwa. Wodi nzima ikanyamaza, na yule mama wa karanga akaacha kuhesabu chenji. Kisha, nyuma ya pazia, ikasikika sauti ndogo, ya kusitasita, kama bomba la kijiji lililokuwa kavu tangu kiangazi kilichopita.

"Kiasi gani?" aliuliza daktari.

Fokas akatoa mkono nje ya pazia, kikombe kimeinuliwa juu kama kombe la mashindano.

"Mililita arobaini! Rangi ya manjano!"

Vigelegele! Imakulata alipiga cha kwanza, wauguzi wakafuata. Mzee wa mguu alicheza kwa mguu mmoja. Watu walikikimbilia kile kikombe kukitazama, wakipeana pongezi kana kwamba ni mtoto aliyezaliwa, na mtu mmoja alisikika akisema kinafanana na baba yake. Jumatatu zilikuwa mililita mia nne. Jumatano Optatus alilalamika chakula hakina chumvi, na daktari akasema huyu amepona.

Bondeni kote hakukuwa na jina lililotajwa kama la Fokas. Alipewa ndizi. Alipewa shati. Watoto walimfuata wakipiga miluzi ili aone kama atageuka. Usiku alilala vizuri mpaka alipokumbuka, na akikumbuka aligeukia ukutani.

*

Harusi ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa shamba. Optatus alikuwa amepungua mpaka suti ikamzidi, lakini alicheza. Imakulata alimpelekea glasi ya maji kila baada ya wimbo na alisimama pale mpaka ainywe yote, na kila alipomaliza ukumbi ulimpigia makofi. Hiyo ndiyo harusi ya kwanza bonde la Nyamvili ambayo bwana harusi alishangiliwa kila alipokwenda msalani.

Kisha mshereheshaji akamwita Fokas mbele.

Alikuwa amepanga kusema maneno mawili akae. Lakini kipaza sauti kina uchawi wake. Alipokishika, na watu mia tatu wakatulia, ulimi uliondoka wenyewe.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi si mtu wa kujisifu."

Kicheko kikubwa.

"Lakini seli ni kama watoto, zinategemea malezi. Zangu nimezilea kwa nidhamu. Zilipofika kwenye figo ya ndugu yangu Optatus, hazikuuliza njia. Mluzi mmoja tu! Hapo ndipo mjue damu ya Kingoni—"

"Zilitoka kwenye chupa gani, mtani?"

Sauti ilitoka mlangoni. Haikuwa kali. Ilikuwa tamu kama asali, na mtu yeyote aliyewahi kukatia miwa kikosi cha tatu alijua hiyo ndiyo sauti ya kuiogopa. Bi Sigilinda Kikoti alikuwa amesimama na vumbi la safari kwenye kanga, dumu la ulanzi mkono mmoja, simu mkono wa pili.

"Bi Sigilinda!" Fokas alisema. "Karibu! Umerudi salama?"

"Nimerudi. Tulipofika kona ya mlima, pale mtandao unapoanza, simu ikalia. Nikasema nani huyu? Kumbe ni kifuniko. Kimenitumia ujumbe. Kinasema chupa yangu ilifunguliwa Alhamisi, na maneno ya aliyefungua ni haya, niyasikilize niseme kama nimeridhika." Akatembea polepole kati ya meza. "Nikasikiliza ndani ya basi. Dereva akasimamisha gari ili naye asikie."

Fokas alisogea hatua moja. Bi Sigilinda akamnyang'anya kipaza sauti kwa upole, akakiegemeza kwenye simu.

Ukumbi mzima ukasikia sauti ya Fokas, ndogo, yenye mikwaruzo: *"Bi Sigilinda, mtani, nisamehe, nakuibia. Seli zangu ni takataka. Zinakula kama wajomba. Zako ndizo zinazosikia. Kesho Optatus atakuwa zege. Sina namna…"*

Bi Sigilinda akazima hapo.

Daktari Likwelile alikuwa amesimama. Optatus alikuwa ameweka mkono kiunoni, juu ya mkanda, kama mtu aliyegundua ana mgeni asiyemfahamu ndani ya nyumba.

"Mtani huchukua," Fokas alisema. "Wewe ulimchukua jogoo wangu."

"Nilimchukua," alikubali Bi Sigilinda. "Saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Na wewe ukinitazama. Nikakupungia na mkono. Huo ndio utani, Fokas: nakuchukulia macho yako yakiwa wazi, na kama kweli unaumia unasema, na mimi namrudisha. Wewe ulininyatia. Ukabandika na jina lako. Kitu cha mtani ukikificha hakiitwi utani tena, na jina lake unalijua."

"Ungekubali," Fokas alisema taratibu. "Ungekuwepo ungekubali, nakujua."

"Ningekubali kabla hujamaliza kuuliza. Lakini hilo 'ndiyo' ni langu kulisema. Si lako kulikisia."

Fokas akainamisha kichwa.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Nimekuibia. Na nimewadanganya hawa wote. Optatus, figo zako zimejengwa na Wahehe."

"Mungu wangu," alisema Optatus, na kutoka meza ya nyuma mtu akashindwa kujizuia, akacheka puani.

Bi Sigilinda akakigeukia kipaza sauti, akasimama wima, akasema kama alivyokiambia kifuniko siku ile.

"Mimi Sigilinda Kikoti, kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi: kwa Optatus, ndiyo. Kaa nazo, mwanangu, zikufae. Kwa Fokas, bado. Miezi mitatu sina akiba ghalani. Kwa hiyo jua la miezi mitatu hiyo si langu, ni lake. Mimi nitakaa kivulini na filimbi. Yeye atakata mistari yangu. Na atakunywa maji kila nikipuliza, maana akiungua huyu, atajengwa na wajomba."

Hapo ndipo paa lilipotaka kuruka. Daktari Likwelile alipita katikati ya kicheko kile bila kucheka, akanyoosha kiganja, na Fokas akaweka juu yake funguo zote za ghala, mpaka ule wa dharura.

"Miezi mitatu," alisema daktari. "Halafu tutazungumza. Na meza yangu usiikalie tena."

"Ndiyo, daktari."

Optatus alikuja akamkumbatia, mkanda ukitetemeka kati yao. Halafu akamwendea Bi Sigilinda, akapiga magoti, na yule mama akamwinua kwa sikio akisema figo zake hazikujengwa ili azigongeshe sakafuni. Dumu la ulanzi likafunguliwa. Ngoma ikaanza tena. Fokas, ambaye dakika kumi nyuma alitamani ardhi impasukie, alijikuta anapumua mpaka chini kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, na akaanza hata kucheza kidogo, bega moja.

"Mtani," Bi Sigilinda akaita kwenye kipaza sauti. "Usicheze mbali. Ujumbe wako nimeukatisha katikati."

Bega likasimama hewani.

"Imetosha, Bi Sigilinda."

"Kuna kipande kimebaki. Kifupi tu."

"Bi Sigilinda, mama yangu, nakuomba. Nitakata mistari ya kikosi kizima. Miezi sita! Hapa kuna wazee wa Kingoni, baba yangu mdogo yule pale kavaa koti—"

"Wangoni mpo?" aliuliza Bi Sigilinda.

"Tupo!" ukajibu upande wa kulia wa ukumbi, wazee kwa vijana.

Akabonyeza.

*"…na ukinisamehe,"* ikasema sauti ya Fokas Ngonyani juu ya vichwa vya watu mia tatu, ikivuta kamasi, *"basi nitakiri. Ile vita. Ile vita ya mababu, Bi Sigilinda. Mlitupiga ninyi."*